Rudisha Kidogo

Dakika ya themanini na nane, bao moja kwa moja,
kiwanja cha Sahare, fainali ya vyuo,
Ufundi na Uuguzi,
na mimi mkutubi wa Ufundi,
mtu wa kusema "shii" mwaka mzima,
nimesimama juu ya kreti la soda
sauti imeniisha tangu kipindi cha kwanza.

Kona.
Kihiyo akaruka, akaupiga kichwa,
kipa wao akaudaka akiwa ndani.
Ndani!
Niliona chokaa ya mstari ikitimka mbele ya magoti yake.

Refa Mngoya akapuliza, akasita,
filimbi ikamkwama kinywani kama mwiba wa changu.
Kibendera cha Kopwe hakikupanda, hakikushuka,
kilining'inia tu,
kitambaa cha kuepulia sufuria.

Mwaka jana tuliandika barua.
Niliichapa mwenyewe, nakala tatu, na muhuri:
kwamba waamuzi wetu wana macho ya kuazima,
kwamba tunataka marudio, kama wenzetu wa Ulaya.
Mwaka huu wakatuletea:
runinga ya inchi thelathini na mbili juu ya meza ya mtihani,
turubai, jenereta lenye kifua,
na kamera moja,
ya Baraji, mpiga video za harusi, Barabara ya Kumi na Tatu.

Refa akachora mstatili hewani.
Uwanja mzima ukachora naye,
hata muuza mihogo, na upawa wake wa mafuta.
Akaiinamia runinga. Tukamhesabia.
Dakika nne. Dakika saba.
Jenereta likazima, likavutwa kamba, likatukanwa, likawaka.
Dakika kumi na moja.

Na kilichoonekana, jamani, ni hiki:
kona inapigwa, sawa;
Kihiyo anaruka, sawa;
halafu kamera, kwa mazoea ya miaka ishirini ya ndoa za watu,
inamwacha bwana na kumtafuta shangazi.
Inampata. Dira la zambarau, kigelegele,
inamsogelea taratibu mpaka hereni ijae kioo,
na chini, pembeni, maua mekundu yanaelea
na maandishi ya dhahabu: HONGERENI SANA.
Inaporudi golini
kipa ameshaupiga mpira mbali.

Refa akapunga mikono. Hakuna bao.

Ningekuwa na kiatu cha tatu ningekirusha na hicho.
Tukasema amekula. Tukasema amekula na Kopwe, sahani moja.
Tukamsindikiza Baraji kwa matusi hadi kwenye bajaji,
yeye na kamera yake kaikumbatia kama mtoto mwenye homa.
Penalti tukafungwa nne kwa tatu.
Za penalti sitaki kuzizungumza.

Usiku nikamfuata dukani.
Nilikwenda kwa ugomvi, akanipa kiti.
Akaniwekea video yote, picha kwa picha,
hakuna cha bao, hereni tu,
hereni, hereni.
Ndipo akairudisha nyuma zaidi, kabla ya kona,
pale kamera ilipokuwa ikitalii mashabiki,
akaisimamisha.

Mtu juu ya kreti.
Mikono juu, mdomo wazi mpaka pengo la gego linaonekana.
Mimi.
Na kule kwenye kona mpira umetulia chini,
mpigaji ndiyo kwanza anafunga kamba ya kiatu.
Na sauti, naijua, ile ile ya "shii,"
inasema:
"Ndani!"

Baraji hakusema neno.
Akanimiminia kahawa, akajifanya anatafuta waya.
Ukutani maharusi wa watu wakatutazama,
wote wanacheka, wote wametazama upande mmoja.

Nilivua miwani. Nikaifuta kwa shati. Nikaivaa.

"Rudisha kidogo," nikamwambia.
"Siyo hapo. Mbele. Mbele, kwenye hereni.
Hapo, nyuma ya sikio lake, huoni?
Hicho cheupe.
Huoni chokaa hiyo?"